Kura Hupigwa Siku Moja, Ziwa Hulisha Kila Siku

Katika Kizuka, kama katika sehemu nyingine za mwambao wa Rumonge, ziwa hupimwa kwa sufuria. Ndagala wakipatikana kwa wingi, watoto hula vizuri na mama hubakiwa na kitu cha kununulia chumvi na sabuni. Wakiadimika, nyumba nzima hutambua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sheria yoyote inayomzuia mvuvi kuingia ziwani huanza kusikika jikoni kabla ya kusikika barazani.

Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Sehemu ya Burundi ni asilimia 8 tu ya maji hayo, na samaki hawajui mpaka. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake makuu Bujumbura. Miongoni mwa hatua zilizokubaliwa ni kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaa na wachanga wapate kukua. Upande wa Tanzania, uvuvi ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024.

Sasa na tuitazame kalenda. Mwaka 2020 Warundi walipiga kura tarehe 20 Mei. Mwaka 2025 waliwachagua wabunge na madiwani tarehe 5 Juni. Majira ya kulipumzisha ziwa na majira ya kuomba kura, basi, huelekea kukutana. Mgombea yeyote anayesimama mbele ya watu wenye nyavu kavu na vyungu vitupu anajua ahadi iliyo rahisi kuliko zote: “Nichagueni, nami nitawafungulia ziwa.” Lakini diwani wa tarafa moja, au hata mbunge, hawezi peke yake kulifungua ziwa lililofungwa kwa makubaliano ya nchi nne. Tena hata akiweza, hawezi kuwaamuru samaki wazaliane upesi.

Ahadi za namna hiyo zina historia katika Afrika ya Mashariki, na mfano ulio wazi ni Msitu wa Mau huko Kenya. Msitu huo ni chanzo cha mito mingi, mmojawapo ukiwa Mto Mara, unaowanywesha wanyama wa Serengeti na kuingia Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Rais Daniel arap Moi iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi ya Mau. Watu wakapewa mashamba, wakajenga, wakazaa watoto. Mwaka 2009 kamati maalumu iliyoundwa na Waziri Mkuu Raila Odinga ilieleza kwamba karibu robo ya msitu ilikuwa imepotea katika muda wa miaka ishirini hivi.

Serikali ilipoanza kuwatoa watu mwaka huo, wabunge wa Bonde la Ufa walisimama kuipinga. Miongoni mwao alikuwamo William Ruto, aliyekuwa Waziri wa Kilimo katika serikali hiyo hiyo. Suala la Mau likaingia katika kampeni za mwaka 2013. Odinga alishindwa, na Ruto akawa Naibu wa Rais. Aliyedhani kwamba kura imelimaliza jambo hilo alikosea, kwani mwezi Julai 2018, chini ya serikali hiyo mpya, watu walianza tena kutolewa katika eneo la Maasai Mau. Mwananchi mnyonge alipewa ardhi wakati wa siasa, akatetewa wakati wa siasa, na mwishowe akafunga virago.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba kila anayeipinga sheria ya mazingira anatafuta kura. Waogiek, ambao wameishi Mau tangu enzi za mababu, walifukuzwa kwa jina la hifadhi. Wakaenda kudai haki katika Mahakama ya Afrika huko Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Mwaka 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 150 za Kenya. Sheria isiyomjali mtu aliye ndani ya msitu, au juu ya maji, yenyewe ndiyo humpa mwanasiasa maneno ya kusema.

Jambo hili halina bara wala rangi. Marekani kila jimbo lina serikali yake chini ya serikali kuu. Mwezi Oktoba 2010 serikali ya jimbo la West Virginia, chini ya gavana Joe Manchin, aliyekuwa akigombea kiti cha Seneti, iliishtaki idara ya mazingira ya serikali kuu kwa sababu ya masharti ya uchimbaji wa makaa ya mawe. Manchin alichaguliwa mwezi uliofuata. Mwaka 2012 jaji aliupa ushindi upande wa wachimbaji; mwaka 2014 mahakama ya rufani ikautengua. Wakati mawakili wakibishana, gesi ya bei nafuu ilikuwa ikiyanyang'anya makaa soko lake, na kazi za migodini zikapungua. Hakuna hukumu ambayo ingeweza kuzirudisha.

Mama wa Kizuka hana mawakili, lakini anayo kura na anayo maswali. Mgombea akiahidi kufungua ziwa, na aulizwe: Je, nchi tatu nyingine zimekubali? Mwaka wa pili tutavua nini? Naye anayeisifu sheria aulizwe vilevile: Katika miezi hiyo mitatu mvuvi atafanya kazi gani, na watoto wake watakula nini? Asiye na jibu la swali hili hajamaliza kazi yake, hata kama sheria yake ni njema.

Nyumbani nako kuna la kufanya kabla ya ziwa kufungwa. Ndagala waanikwe juu ya chanja badala ya mchangani, ili wakauke vizuri, wasiingie mchanga na wahifadhike. Maharage yawekwe akiba mapema, na bustani ya mboga ipandwe karibu na nyumba. Familia yenye akiba ghalani humsikiliza mgombea kwa utulivu, kwa maana njaa ni mshauri mbaya wa mpiga kura. Wahenga walisema: mla mla leo, mla jana kala nini?