Fito Hukunjwa Zingali Mbichi

Mwanafunzi mmoja wa usanifu wa majengo, mzaliwa wa Rhamu, aliniletea mradi wake nimsahihishie Kiswahili cha maelezo. Alikuwa amechora maktaba ya watoto wa mji huo ulio kando ya Mto Daua, mpakani mwa Kenya na Ethiopia: kuta za matofali, paa la bati, madirisha mapana yakielekea magharibi. Lugha haikuwa na dosari kubwa. Nilimwuliza swali moja tu: "Saa tisa alasiri, binti yangu, nani ataketi humu?"

Alinyamaza. Hatimaye alikiri kwamba jua likiwaka sana, yeye mwenyewe hukimbilia nyumba ya nyanyake.

Nyumba hiyo ni aqal, makao ya duara ya wafugaji wa Kisomali. Hujengwa na wanawake. Fito hukunjwa zikawa matao, kisha hufunikwa kwa mikeka. Mikeka nayo huinuliwa ili upepo upite. Wakati wa kuhama, nyumba nzima hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Hata arusi kwa Kisomali huitwa aqal gal, yaani kuingia nyumbani. Kumbe elimu aliyoisaka vitabuni ilikuwa imehifadhiwa katika msamiati wa kwao!

Hakuiiga aqal. Aliihoji. Katika mchoro wa pili aligeuza madirisha yakabili kaskazini na kusini. Katika wa tatu aliinua sakafu, maana Daua hufurika, akazungushia ukumbi wenye kivuli cha mikeka. Alipouwasilisha, aliambiwa muda umepita. Alama zikabaki za mchoro wa kwanza.

Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, alipobuni chuo cha Startup Lions huko Turkana, kilichokamilika mwaka 2021, alivitazama vichuguu vya mchwa, akapata minara ya kupitishia hewa. Mwaka 2022 alitunukiwa Tuzo ya Pritzker. Je, naye angepimwa kwa mchoro wa kwanza?

Walimu wenzangu, tukisahihisha nakala ya mwisho pekee, tunawafunza vijana kuficha makosa yao badala ya kuyafanyia kazi. Tuzidai rasimu zote, tuzijadili, na safari ya wazo ipewe alama zake. Nanyi wanafunzi, msione haya kufuta.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Nyanya wa Rhamu angeongeza kwamba hata ufito, ukishakauka, haukunjiki bali huvunjika.