Farasi wa tiba, na kwa nini Tabora hayupo

Mwanzoni mwa 1858 Richard Burton, msafiri Mwingereza, alikuwa ametoka Kazeh (ndiyo Tabora ya leo) akielekea Ziwa Tanganyika. Njiani miguu ikapooza. Hakupandishwa farasi; alilazwa kwenye machela, wapagazi wakambeba.

Machela inakufikisha unakokwenda, lakini wewe umelala tu. Farasi ana jambo la ziada. Akitembea taratibu, mgongo wake hupanda na kushuka, husogea mbele na nyuma, na kuyumba kushoto na kulia, vyote kwa pamoja. Nyonga za aliyempanda zinafuata, na mwendo huo unafanana sana na wa nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Kila hatua inamyumbisha kidogo, na misuli ya tumbo na mgongo inalazimika kumrudisha katikati. Kwa hiyo mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye pengine hajawahi kupiga hatua hata moja, anarudia zoezi hilo mamia ya mara bila mtu kumwambia "kaa wima".

Usiuziwe muujiza lakini. Mtindio wa ubongo hauponi kwa kupanda farasi. Tafiti nyingi zimehusisha watu wachache, na faida inayoonekana zaidi ni kwenye mizani ya mwili: kukaa na kusimama vizuri zaidi. Hata hivyo si jambo dogo. Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio mwaka 1944, akawa anasaidiwa kupanda na kushuka, na bado akachukua medali ya fedha ya kuendesha farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki, 1952.

Kazi kubwa hufanywa na watu wa kujitolea. Mpandaji anayeanza huhitaji watatu: mmoja anashika kamba ya farasi na kumwangalia farasi tu, wawili wanatembea ubavuni, mkono mmoja juu ya paja la mpandaji. Mkono huo unachoka, aisee! Ukitaka kubadilishana upande, farasi anasimamishwa kwanza, na hamwachii kwa pamoja. Kingine kigumu ni kujizuia: ukimshika sana, misuli yake haina kazi tena, umemrudisha kwenye machela.

Sasa, kwa nini Tabora hakuna? Jibu ni mbung'o. Miombo ya Unyamwezi ni makazi yake, na akiuma anaacha kwenye damu vijidudu vya tripanosoma, vinavyoleta nagana. Farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huu: homa, damu kupungua, miguu na tumbo kuvimba, kifo. David Bruce alionyesha uhusiano huo katika miaka ya 1890 huko Zululand, ila misafara ilikuwa imeshajua kwa hasara. Ndiyo sababu moja kubwa ya pembe za ndovu kusafiri hadi Bagamoyo juu ya mabega ya Wanyamwezi.

Mbung'o anaweza kuondolewa. Unguja walimmaliza kwa kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na wa mwisho alinaswa 1996. Lakini kile ni kisiwa. Tabora msitu hauna ukingo, mbung'o wengine wataingia tu.

Utauliza, na punda je? Anavumilia nagana kuliko farasi, ingawa hayuko salama, tena hafai kubeba mtu mzima mzito. Na dawa ya diminazini, inayotibu ng'ombe, farasi na punda huivumilia vibaya.

Kinachobaki ni kanuni yenyewe: kukaa juu ya kitu kinachoyumba. Mpira mkubwa wa mazoezi hufanya sehemu ya kazi hiyo. Hauna joto la mnyama wala raha ya kuona dunia kutoka juu, na hauigi hatua za kutembea. Ila hauumwi na mbung'o, unaingia kwenye chumba cha kawaida, na mtoto akikalishwa juu yake, mzazi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wanasimama ubavuni, mikono kwenye mapaja, tayari kuachia kidogo.