Vinywaji vitamu na kisukari: kweli au si kweli?

Asali na sukari guru hazipandishi sukari. Si kweli, na imani hii inaumiza wengi kwa sababu anayeifuata huamini amekwisha kujinyima. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa asali ni sukari. Tena asali ni nzito: kijiko cha chai kina takriban gramu 6 za sukari, ilhali cha sukari nyeupe kina gramu 4. Sukari guru nayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa yakaganda.

Juisi halisi haina neno, si tunda tu? Si kweli. Simama kwenye kibanda cha miwa utazame: muwa unapitishwa mashineni mara mbili tatu, pamoja na ndimu na tangawizi, kisha makapi yanatupwa. Kwenye makapi hayo ndiko zilikobaki nyuzinyuzi, na mlaji aliyetafuna muwa angechoka mapema. Glasi ya mililita 250 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari, nayo hunywewa kwa mikupuo michache. Katika mwongozo wake wa 2015, Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi na asali sawa na ile ya mezani. Linashauri zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Zikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko 6 vya chai, ni bora zaidi. Soda moja ya kawaida ya mililita 300 huvimaliza vyote.

Kichungu hukata sukari. Si kweli. Uchungu wa mwarobaini unaishia ulimini, wala hauifuti soda uliyokwisha kunywa. Tafadhali usiache dawa za kliniki kwa ajili yake.

Dafu ni ruhusa. Nusu kweli. Lina sukari kidogo kuliko soda, lakini dafu kubwa ni maji mengi. Gawaneni.

Ukipatikana na kisukari, chai tamu basi. Si kweli. Punguza sukari nusu kijiko kwa wiki, ulimi utazoea. Iliki, mdalasini na mchaichai vitaziba pengo. Ukitamani juisi, kunywa glasi ndogo pamoja na mlo wenye maharage au mboga, usiinywe tumbo likiwa tupu. Pima kabla ya kula na saa 2 baadaye, uone mwili wako unavyoipokea.

Mwenye kisukari asipewe soda kamwe. Si kweli, na kosa hili linaweza kuua. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari: kijasho chembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kumpotea. Kipimo kikisoma chini ya 4 mmol/L, anahitaji gramu 15 za sukari hapo hapo: nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko 4 vya sukari kwenye maji. Soda isiyo na sukari haitamsaidia. Mpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia, na ikipanda, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mumwahishe hospitali.