Maziwa ya Ngamia na Kisukari: Usiache Dawa Yako

Hapa Garissa, maziwa ya ngamia ni chakula cha nyumbani, ni heshima kwa mgeni na ni riziki ya akina mama wanaoyauza sokoni. Sasa yamepewa kazi nyingine: kuponya kisukari. Kuna wanaomshauri mgonjwa aache insulini na anywe caano geel asubuhi na jioni. Ushauri huo unaweza kuua.

Utafiti unasema nini?

Dai hili lina chanzo. Huko Bikaner, nchini India, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 24 wa kisukari cha aina ya kwanza kwa miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Nusu yao walikunywa nusu lita ya maziwa ya ngamia kila siku pamoja na matibabu ya kawaida; wengine walipata matibabu pekee. Waliokunywa maziwa walihitaji insulini kidogo kuliko awali, na 3 kati yao dozi ilishuka hadi sufuri.

Hizo ni habari za kutia moyo, lakini tuzisome zote. Waliokunywa maziwa walikuwa 12 tu, na 9 kati yao waliendelea kudungwa insulini. Tena wote walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Hakuna aliyeacha dawa kwa sababu ya uvumi.

Tumewahi kuharakisha

Mwaka 1990 Wakenya walitangaziwa kwamba Kemron, dawa iliyotafitiwa na KEMRI, inatibu Ukimwi. Ripoti za kwanza hazikuwa na kundi la kulinganisha. Baadaye dawa ya aina hiyo ilijaribiwa Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 500, wengine wakipewa kitu kisicho na dawa ndani yake. Haikuonyesha faida yoyote.

Kwa nini ni hatari?

Mwili wa mgonjwa wa aina ya kwanza hautengenezi insulini ya kutosha. Akiiacha, asidi hujaa kwenye damu, na anaweza kuzimia na kufa katika muda wa siku chache. Dalili ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika na kupumua kwa kasi. Ukiziona, mkimbize hospitali.

Ufanye nini?

• Endelea kunywa maziwa, lakini yachemshe kwanza. Maziwa mabichi huweza kuleta brusela.
• Mweleze daktari unakunywa kiasi gani, kwa maana maziwa pia yana sukari.
• Usipunguze wala kuacha dawa bila kupimwa na kushauriwa na daktari.
• Ukiuziwa tiba yoyote, uliza: imejaribiwa kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani aliyewapima?

Muuzaji asiye na majibu hana dawa ya kukuuzia. Kabla ya kumlipa, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii au ufike katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.