Uzito wa Mtoto na Wepesi wa Viungo Vyake



Mara nyingi mama hutuletea mtoto wa darasa la pili akisema: "Nesi, mwanangu amenenepa vizuri, lakini wenzake wakicheza yeye hukaa pembeni." Mwingine huleta mtoto mwembamba na kulalamika: "Huyu mvivu, hata kuruka kamba hawezi." Mwezi huu tuwatazame watoto hawa wawili, maana wote wanahitaji msaada wetu.

Kukimbia, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja, kurusha na kudaka ni stadi. Mtoto hujifunza stadi hizi kama anavyojifunza herufi, yaani kwa kurudiarudia. Akipata nafasi ya kutosha, nyingi huzimudu afikapo miaka 6 au 7.

Mtoto mnene kupita kiasi amebeba mzigo asioweza kuutua. Kila anaporuka lazima aunyanyue mwili wote, hivyo huchoka upesi na kukosa pumzi. Lakini kurusha na kudaka mpira mara nyingi anaweza kama wenzake. Hatari kubwa ni kuchekwa. Akichekwa hujitenga, na akijitenga viungo huwa vizito zaidi na uzito huongezeka.

Mtoto mwembamba au aliyedumaa ana misuli midogo. Tena minyoo, kichocho na malaria ya mara kwa mara humpunguzia damu. Huyu si mvivu, amechoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1991/92 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 30. Tumepiga hatua, lakini wengi bado huingia darasa la kwanza wakiwa nyuma.

Sisi wa Tura tunajua habari za misafara iliyopita hapa ikitoka au kwenda Mgunda Mkali. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi hadi pwani. Hawakuweza kwa sababu ya unene, bali kwa miili iliyozoeshwa.

Basi tufanye nini nyumbani?

1. Mtoto apimwe uzito pamoja na urefu. Kadi ya kliniki huishia miaka 5, na baada ya hapo wengi wetu husahau mizani.

2. Acheze. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Rede, kombolela, kamba na mpira wa matambara vyatosha. Mabinti nao waachiwe muda: ndoo ya maji huwapa nguvu, lakini haiwafundishi kudaka wala kukwepa.

3. Ale vizuri. Mwembamba apewe uji wenye karanga, maharage, dagaa, mboga na matunda. Mnene asishindishwe njaa, ila apunguziwe soda, sukari na vitu vya kukaanga, naye asikae mno mbele ya televisheni au simu.

4. Dawa za minyoo na kichocho zikitolewa shuleni, azimeze.

5. Asichekwe wala kuitwa majina. Aanze na mchezo anaouweza.

Mlete hospitali mapema ukiona viganja vimepauka, anahema akitembea kidogo, anaanguka mara kwa mara, miguu imevimba, au anaumwa viungo mara kwa mara, kwani huenda ni selimundu.

Jioni hii mwite mwanao uwanjani. Asimame kwa mguu mmoja huku ukihesabu hadi 10, kisha mrushieni mpira. Akishindwa, msimkaripie. Rudieni kesho pamoja naye.