Mpishe Ng'ombe, Lipishe na Gari

Mtoto wa Kipemba anayepelekwa kutazama mchezo wa ng'ombe huambiwa jambo moja kabla ya yote: angalia ng'ombe anaweza kukimbilia wapi, kisha usisimame hapo. Ng'ombe amefungwa kamba, naam, lakini sisi hatuiamini kamba. Wengine hupanda mitini kabisa. Mafunzo hayo ndiyo niliyokwenda nayo Nairobi, Septemba moja, mpwa wangu aliponiita nikaone magari ya kale.

Nimekuwa utingo, nikawa dereva, sasa ni fundi hapa Chake Chake. Nimekulia kwenye malori ya Bedford ya bodi ya mbao, abiria mabenchini, magunia ya karafuu juu, tukipanda na kushuka vilima vya njia ya zamani ya Wete. Kwetu gari likizeeka huachwa chini ya mwembe, kuku wakataga kitini. Kumbe kuna watu wanaolilea kama mzazi wao.

Maonyesho yale yanaitwa Concours d'Elegance. Yalianza mwaka 1970, waandaaji ni klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na uwanja ni ule wa mbio za farasi wa Ngong. Gari halishindi kwa rangi tu. Waamuzi hukagua nje, ndani, injini, mpaka uvunguni, na kila uchafu hupunguza alama. Nilimkuta kijana akisugua mifereji ya tairi kwa mswaki. Nilisimama pale kitambo kirefu, moyo umenijaa.

"Mjomba, hiki ndicho chuma cha Safari," mpwa wangu akaniambia tulipofika kwenye Datsun kuukuu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sisi wa visiwani tulizifuata redioni. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Aina hiyo ya gari ina heshima nyingine: mwaka 1959 ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kutoka kiwandani na mkanda wa kiti unaopita begani na kiunoni, uliobuniwa na Nils Bohlin. Gari lililotengenezwa kabla ya hapo aghalabu halina mkanda wa namna hiyo. Mwenyewe akikukaribisha mzunguko mmoja, angalia kwanza kama una cha kukushika, na mtoto usimpakate kiti cha mbele.

Shida ya gari la kale ni kwamba likisimama watu huliona kama picha ya ukutani. Wanaliegemea, wanapiga magoti mbele yake wapate picha, watoto wanatambaa chini. Hendibreki ya miaka hamsini ni waya uliolegea, na kwenye mteremko haifai kuaminiwa peke yake. Sisi matingo kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuruka chini na jiwe, kulikaza nyuma ya tairi, ndipo abiria wateremke. Ukifika kwenye maonyesho, tazama tairi. Usipoona kabari, usipite mbele wala nyuma yake; pita ubavuni.

Bomba la moshi nalo hubaki la moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa, nalo liko sawa na miguu ya mtoto. Rejeta ni mbaya zaidi. Kifuniko kikiwa kimefungwa, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Ukikifungua, mbano unaondoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, yanakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta ukakiacha. Na kabureta kuukuu huvuja petroli: ukisikia harufu, sogea, mwambie mwenye gari, na sigara iwe mbali.

Hendeli ya kuwashia injini nina haki ya kuieleza, maana kifundo changu cha mkono wa kulia hakijanyooka tangu niwe na miaka kumi na saba. Cheche ikiwaka kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi nyuma, na chuma hurudi nayo kwa nguvu ya teke la punda. Siku hiyo nilikikumbatia kwa ngumi nzima. Baadaye dereva wangu, Mungu amrehemu, alinionyesha: dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Kikirudi, vidole vinafunguka vyenyewe. Basi mtu akizungusha hendeli kwenye maonyesho, kaa mbali na mkono wake.

Lakini saa ninayoiogopa kuliko zote ni ya kuondoka. Mchana kutwa magari yametulia, watu wamezoea, jua linashuka. Madereva vijana wanataka injini isikike, na watazamaji wanajipanga kingo mbili za njia wameinua simu. Gari lenye nguvu nyingi na breki za zamani likiteleza mkia, halichagui upande. Mpwa wangu alitaka tusimame kwenye kona tupate picha nzuri. Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya ukuta, upande wa ndani wa kona.

"Mjomba, hapa hatuoni kitu."

"Tunasikia," nikamwambia.

Pemba sijapata kuona maonyesho ya namna hiyo, nami nayatamani. Bedford chache zinazooza mashambani zingetosha kujaza kona moja ya uwanja wa Gombani, na wajukuu wetu wangeona karafuu ilivyosafiri. Zikipelekwa, sitaomba kuwa mwamuzi. Nitaomba nipewe lango la kutokea, pamoja na filimbi na mawe mawili.