Mhadhara wa Zebaki Nyamongo

Mhadhara ni maelezo marefu ya mdomo juu ya jambo moja, yanayotolewa na mtu aliyelichunguza mbele ya watu waliokuja kulielewa. Chuoni msikilizaji hukaa hata akichoshwa, maana kuna mtihani mbele. Katika eneo la Nyamongo, wilayani Tarime, hakuna mtihani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wakisikia kwamba mtaalamu amekuja kuzungumzia zebaki, hupima kwanza kama atawalipa saa moja ya kazi watakayoipoteza. Mhadhiri anayeweza kuwashika watu hao atamudu ukumbi wowote.

Maandalizi huanza na kujua wasikilizaji wameshajua nini. Mchimbaji anaijua zebaki kwa mkono. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kupitishwa kwenye mwalo, unaobaki hutiwa kwenye beseni na kuchanganywa na zebaki, nayo huing'ang'ania dhahabu. Kisha hukamuliwa kwa kitambaa mpaka kibaki kidonge cheupe, na kidonge huchomwa kwenye jiko la mkaa. Mhadhiri akitumia robo saa kumweleza hayo, ameshampoteza. Kinachoweza kumfanya mchimbaji ageuze shingo ni kile asichokiona: zebaki hutoa mvuke hata ikiwa kwenye chupa iliyo wazi kivulini, huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064, na mvuke huo hauna rangi wala harufu.

Kosa la wataalamu wengi, tena wale wanaojua sana, ni kutaka kuyamaliza yote: sheria, figo, mishipa ya fahamu, ugonjwa uliotambuliwa Minamata nchini Japani mwaka 1956, mkataba wa kimataifa wa 2013 uliopewa jina la mji huo. Kila moja ni kweli, na kwa pamoja ni mzigo usiobebeka. Ali Mazrui wa Mombasa alipotoa mihadhara ya Reith kwenye redio ya BBC mwaka 1979, aliigawa hali ya Afrika katika mihadhara sita, kila mmoja na kitendawili chake. Vivyo hivyo mhadhara mmoja ubebe hoja moja. Kwa Nyamongo hoja inaweza kuwa hii: sumu imo kwenye moshi usioonekana, na moshi huo ndiyo zebaki iliyonunuliwa kwa fedha. Sentensi ya namna hiyo mtu anaweza kuifikisha nyumbani jioni. Minamata huingia baadaye, kama tawi, kuonyesha zebaki inavyofika majini na kurudi kwa binadamu kupitia samaki. Na hapo si lazima kwenda Japani, kwa kuwa Mto Mara unaopita kati ya Tarime na Serengeti humwaga maji yake Ziwa Victoria.

Hoja hutaka picha. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wa Mara, ilimo Tarime pia, alisomea ualimu Makerere, na ualimu huo haukumtoka. Mwaka 1995, akizungumzia hali ya taifa, alilifananisha na nyumba yenye nyufa, akautaja ufa mmoja baada ya mwingine. Watanzania wengi waliosahau sehemu nyingine za mazungumzo hayo bado wanazikumbuka nyufa. Picha ya chombo cha kunasia mvuke wa zebaki na kuirudisha iko jikoni: sufuria ya maji iliyofunikwa. Yakichemka, kifuniko huinuliwa na matone yaliyoganda chini yake huonekana hadi safu ya tatu. Huhitaji projekta, wala umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Zebaki yenyewe isichomwe mbele ya watu hata kwa mfano.

Yaliyoandikwa kwa ajili ya jicho huchosha sikio. Mwenye kusoma karatasi huinamisha kichwa, na sauti yake huishia kifuani. Vichwa vya hoja vinatosha, kwa herufi kubwa kwenye kipande kimoja cha karatasi, baada ya kufanya mazoezi kwa sauti huku saa ikiangaliwa. Istilahi nazo zipunguzwe: kama wachimbaji wanasema kidonge, mhadhiri naye aseme kidonge. Mahali pakaguliwe siku moja kabla, maana karasha likiunguruma jirani hakuna kipaza sauti kitakacholishinda, na mvua juu ya bati ni hivyohivyo.

Siku yenyewe, salamu zianze kwa wazee, ziwe fupi. Hoja kuu itamkwe mapema na polepole, kisha pawe na kimya cha kutosha watu kutazamana. Theluthi ya muda iachiwe maswali, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana kilichoeleweka. Swali gumu huenda likatoka nyuma, kwa kijana aliyesimama: hicho chombo cha kunasia mvuke kinapatikana wapi, na zebaki itarudi kweli? Kujibu kwamba serikali inalishughulikia ni kulikwepa. Mhadhiri aliyejiandaa anacho chombo mezani, kimeundwa kwa viungio vya chuma vya bomba la maji: kidonge huwekwa ndani, kifuniko hukazwa, na mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa kitambaa kibichi, ukadondoka kama matone ya zebaki ndani ya kikombe cha maji. Hutumika nje, mbali na watoto, na hufunguliwa kikishapoa kabisa. Kikifunguliwa cha moto, mvuke uliobaki ndani humpiga usoni aliyekifungua.